Gia ikikutoka mlimani, usikimbilie kufungua injini

Bukavu haina huruma na giaboksi ya pikipiki. Ukitoka Nyawera kupanda Kadutu, umebeba mama na gunia lake la makala, mguu wa kushoto haupumziki. Isitoshe mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya cc 125 yenye kabureta imeshapoteza nguvu hata kabla mlima haujaanza. Ndiyo maana pale paki, kituoni kwa waendesha pikipiki, sipiti wiki bila kusikia kijana akilalamika: "Yaya, vitesi ya pili inatoka!" (Yaya ni ndugu mkubwa, vitesi ni gia.) Anavuta mafuta, injini inalia ghafla, pikipiki inaanza kurudi nyuma, na huko nyuma kuna Fuso.

Wengi hukimbilia kwa fundi na kumwambia gia zimekufa. Fundi naye haulizi, anachukua ufunguo. Mimi nasema subiri, maana kuna magonjwa matatu yanayochanganywa. Klachi ikiteleza, mlio wa injini unapanda taratibu, mwendo hauongezeki, lakini gia bado imo. Cheni ikiruka kwenye pinyo iliyoliwa (lile gurudumu dogo la meno linaloivuta cheni), utasikia mishindo mingi ya haraka haraka, na pikipiki inakwenda kwa kushtuka. Gia inayotoka kweli hupiga mshindo mmoja tu, tak, halafu injini inabaki huru. Mara nyingi hata taa ya kijani ya nyutro haiwaki, kwa sababu hauko nyutro, umekwama katikati ya gia mbili.

Ukijua kilichomo ndani utaelewa kwa nini inachagua mlima. Meno ya gia za pikipiki hayaachani, yameumana muda wote. Kinachofunga gia ni vidole vinene vya chuma vilivyo ubavuni mwake, vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani. Uma ndio unaoisukuma gia kando, na uma unaongozwa na ngoma yenye mifereji inayozungushwa na pedali yako. Vidole vizima vina kona kali, na mara nyingi vimechongwa mshazari kidogo, kiasi kwamba ukivuta mafuta vinazidi kuvutana. Kona zikishaviringika, nguvu ile ile inavisukuma vitoke. Kwenye tambarare ya Kavumu huenda usione tatizo lolote.

Nimewahi kuishika gia ya pili iliyotolewa kwenye pikipiki niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Fundi wa kule Essence aliisuuza kwa petroli ndani ya beseni, akanikabidhi. Upande unaobeba mzigo wakati wa kupanda, kona za vidole zilikuwa laini na zinang'aa. Ukucha ulipita bila kukwama. Upande wa pili bado zilikwaruza ngozi. Chuma kilikuwa kile kile, ila upande mmoja ulikuwa umepigwa miaka mingi.

Kinachouviringisha upande huo, mara nyingi, ni mguu. Kwenye pikipiki ambazo gia ya kwanza iko chini na nyingine juu, nyutro inakaa kati ya ya kwanza na ya pili, kwa hiyo pedali ina safari ndefu zaidi hapo. Mguu mvivu unaifikisha nusu, vidole vinagusana kwa ncha tu, na kijana ameshafungua mafuta. Funga mafuta, vuta klachi, nyanyua pedali hadi isiweze kwenda tena, na uishikilie hapo mpaka klachi ianze kushika. Huo mshiko mfupi wa mwisho ndio wengi hawana. Lakini usipige teke; teke hupinda uma. Wala usiupumzishe mguu juu ya pedali ukitembea, maana uma unasuguana na gia bure, na shimo moja tu linatosha kukubonyezea nusu gia. Msimu wa mvua, ukivaa buti kubwa za plastiki, shusha au pandisha pedali ifuate buti. (Wanaoendesha na kandambili sina la kuwaambia.)

Ikikutoka katikati ya mlima, usiibamize na mafuta yakiwa wazi. Funga mafuta, vuta klachi, kanyaga breki ya nyuma, rudi ya kwanza, anza upya. Na kabla ya kona kali, shusha gia ukiwa bado una mwendo. Kuteremka Ngomo kwenda Kamanyola ukiwa nyutro eti unaokoa petroli, hapo unazipika breki zako.

Kabla injini haijafunguliwa, shika pedali uitikise. Boliti yake ikilegea, pedali inateleza juu ya meno ya shafti na gia haifiki. Pikipiki iliyoanguka huwa na pedali iliyopinda na kugusa kifuniko. Angalia waya wa klachi: ncha ya mkono wake icheze kama milimita 10 hadi 20. Mafuta ya kulainisha nayo ni yale yale kwa injini, klachi na gia, karibu lita moja tu, kwa hiyo yakichakaa vyote vitatu vinaumia. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya mafuta ya pikipiki ambazo klachi yake inaoga humo humo. Baadhi ya mafuta ya gari yana viungo vinavyoifanya klachi iteleze. Kisha fundi afungue kifuniko cha upande wa klachi peke yake. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, kile kipande chenye umbo la nyota kinachoishikilia ngoma, na springi inayokikaza, viko hapo, na springi iliyochoka inatosha kuachia gia.

Hayo yote yakiwa mazima, basi injini ipasuliwe. Badilisha gia zote mbili zinazokutana, na uma upimwe kama umenyooka. Fundi akisema atajaza vidole kwa kulehemu, kataa. Moto unaharibu ugumu wa chuma na baada ya muda utakuwa pale pale, umelipa mara mbili.

Ukienda kununua pikipiki iliyotumika, ombi langu kwa muuzaji huwa moja: tukaijaribu mlimani, watu wawili juu. Katika kila gia fungua mafuta kwa nguvu, funga, fungua tena. Akitaka tuishie kwenye lami ya tambarare, namwachia pikipiki yake.