Ndugu Wawili Walioshuka Ngazi kwa Msamba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga ngoma wa siku nyingi hapa Mikindani, na sindimba nimeipigia tangu ujana wangu. Mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake filamu ya zamani, isiyo na rangi, ya vijana wawili weusi waliovaa suti nadhifu, wakishuka ngazi kubwa kwa kurukana na kutua kwa msamba. Ni akina nani, nani aliwafunza, na je, yale si mazingaombwe ya kamera? Tena, kwa nini wanatokea kwa dakika chache tu? Mjukuu sasa anataka kujaribu kwenye ngazi za baraza letu.
Msomaji wa Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo, mzee. Uliowaona ni Fayard Nicholas, aliyezaliwa mwaka 1914, na mdogo wake Harold, aliyezaliwa 1921, na filamu yenyewe ni Stormy Weather ya mwaka 1943, ambamo bendi inayowapigia ni ya Cab Calloway. Mazingaombwe hayamo. Kamera inawaonyesha mwili mzima, nao wanapokezana kushuka, huyu akimruka yule na kutua kwa msamba, kisha wanainuka bila kushika chini kwa mkono. Jambo hilo la kuinuka, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko kuruka kwenyewe. Fayard alipenda kusimulia kwamba kipande kile kilipigwa mara moja tu, bila kurudiwa.

Mwalimu hawakuwa naye, na hapa wewe mpiga ngoma utafurahi. Wazazi wao walikuwa wanamuziki wa ukumbi mmoja wa maonyesho huko Philadelphia, mama akipiga piano na baba akipiga dramu, na Fayard akiwa mtoto alikuwa akiketi viti vya mbele akiwatazama wachezaji, akirudi nyumbani anaiga, na baadaye akamfundisha Harold. Mwaka 1932 walianza kucheza Cotton Club ya New York, ukumbi ambao wasanii wake walikuwa weusi lakini wateja wake walikuwa wazungu; Harold alikuwa na miaka 11. Viatu vyao vilikuwa na vipande vya chuma kwenye ncha na kisigino, kwa hiyo miguu yenyewe ilikuwa ngoma nyingine juu ya ngoma ya bendi.

Swali lako la dakika chache ndilo zito. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, wakati wa ubaguzi wa rangi, wapo wenye kumbi za sinema ambao hawakutaka kumwonyesha mtu mweusi akishiriki hadithi sawa na mzungu. Kampuni za filamu, badala ya kuwapinga, ziliwapa ndugu hawa vipande vya dansi vilivyojitenga na hadithi, kama katika Down Argentine Way ya mwaka 1940, ili kikikatwa kipande hicho hadithi isiharibike. Ni hila ya kibiashara, nami naiona mbaya kuliko kuwakataa waziwazi, kwa kuwa ilichuma ustadi wao na kuwanyima uigizaji. Mwaka 1948, katika The Pirate, walicheza bega kwa bega na Gene Kelly, nyota mzungu, na kipande hicho kilikatwa katika baadhi ya kumbi za kusini.

Baadaye walizunguka Ulaya, ambako Harold aliishi Paris kwa miaka kadhaa. Heshima ya taifa ya Kennedy Center waliipata mwaka 1991, wakiwa wazee. Harold alifariki mwaka 2000, na Fayard mwaka 2006.

Ama mjukuu, mzuie asiende ngazini. Uzeeni Fayard alilazimika kubadilishiwa nyonga zote mbili. Aanze na msamba wa taratibu, juu ya mchanga wa pwani, baada ya kuupasha mwili moto, nawe umpigie ngoma polepole.