Maswali na Majibu: DNA inageukaje kuwa kifaa cha kujengea?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma kidato cha tano, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Tukuyu. Mwalimu wetu wa baiolojia alitueleza kwamba kuna mwanasayansi wa Marekani aliyetengeneza mchemraba kwa DNA. Mimi nilifundishwa kwamba DNA hubeba urithi kutoka kwa wazazi. Iweje ijengewe kitu? Na anayetaka kuifanya kazi hiyo aanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako alimzungumzia Nadrian Seeman, aliyezaliwa Chicago mwaka 1945 na kufariki dunia mwaka 2021, baada ya kufundisha kemia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha New York. Alisomea biokemia, kisha akabobea katika elimu ya fuwele (vitu vigumu ambavyo molekuli zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia), ambayo hutambua umbo la molekuli kwa kuipiga fuwele yake mionzi ya eksirei. Kwa hiyo aliifikia DNA kwa njia ya maumbo, si kwa njia ya urithi.

DNA huweza kubeba urithi kwa sababu besi zake, yaani vijenzi vinne vinavyoitwa A, T, G na C, hushikana kwa kanuni moja: A na T, G na C. Kanuni hiyo haibagui uzi uliotoka kwenye seli na uzi uliotengenezwa maabara. Ukiwa na nyuzi fupi zenye mpangilio ulioupanga mwenyewe, zitatafutana ndani ya maji yenye chumvi na kushikana pale ulipokusudia. Kikwazo ni kwamba DNA ya kawaida ni mstari tu, na mistari mitupu haijengi kitu. Seeman aliazima njiapanda ya mikono minne, ambayo Robin Holliday wa Uingereza aliipendekeza mwaka 1964 alipoeleza jinsi DNA inavyobadilishana vipande. Ndani ya seli njiapanda hiyo huteleza huku na huku, kwa kuwa mipangilio ya mikono yake inafanana. Seeman alionyesha mwaka 1982 kwamba besi zikipangwa bila kufanana, njiapanda hutulia. Mikono hiyo ikiachiwa ncha za uzi mmoja zilizochomoza, kila ncha hushika mwenzake, na umbo huendelea kukua kama kikapu cha milulu cha Iringa kinavyokua kutoka kitakoni.

Watu hupenda kusimulia kwamba wazo lilimjia baa mwaka 1980, alipokumbuka picha ya mchoraji M. C. Escher yenye samaki waliojipanga pande zote, akaona njiapanda za DNA zinaweza kujipanga vivyo hivyo. Ni kweli, mwenyewe alisimulia hivyo, lakini mimi naona kisa hicho kinafunika jambo zito zaidi, kwamba alikuwa mtaalamu wa fuwele aliyechoshwa na molekuli zilizokataa kuwa fuwele. Alitaka kujenga kimia cha DNA ambacho kingezishika protini kwa mpangilio, ili eksirei ziweze kuzisoma.

Mchemraba wenyewe aliutangaza mwaka 1991 pamoja na Junghuei Chen. Kila ukingo ulikuwa na jozi 20 za besi, chini kidogo ya nanomita 7 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hakuna aliyeuona kwa macho: waliukata kwa vimeng'enya, wakapitisha vipande kwenye jeli yenye umeme, wakasoma mistari iliyojitokeza na kupima kama inalingana na mchemraba. Soma sentensi hiyo mara ya pili, maana jeli hiyo hiyo ni kifaa cha kawaida cha maabara ya baiolojia ya molekuli, na wewe utakutana nayo chuoni. Fuwele ya pande tatu aliyoipanga mwenyewe ilipatikana mwaka 2009, karibu miaka 30 tangu lile wazo, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Kavli, tuzo ya kimataifa ya sayansi, pamoja na mwanafizikia Donald Eigler.

Basi shikilia kemia, na usilidharau somo la BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, vinafundisha fani hizi. Jijini Mbeya kipo kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kinachotafiti kifua kikuu na VVU; mwombe mwalimu wako aulize kama wanafunzi wanaweza kukitembelea.

SWALI: Mhariri, binti yangu ameacha udaktari akachagua baiolojia ya molekuli. Je, ada yangu haipotei? Mzazi, Mafinga.

JIBU: Mzazi mwenzangu, ajira ya kujenga maumbo ya DNA ni ya watu wachache hata duniani, na sitakuficha hilo. Lakini ujuzi wenyewe una soko. Mashine ya GeneXpert, inayotambua kifua kikuu kwa takriban saa mbili, hufanya kazi kwa kuzidisha DNA ya kimelea. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba, yaani DNA. Na kituo cha Uyole cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) hutafiti mazao yakiwemo viazi mviringo. Muulize binti yako mwaka wa kwanza ameshika pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika maabara, mara ngapi. Kama chuo chake kinafundisha kwa ubao tu, hapo ndipo pa kuhofia.