Mataruma yanabadilishwa reli ikiwa palepale

Kwa uliyeuliza wanatoaje taruma bovu (lile gogo linalolazwa kukingama chini ya reli) bila kung'oa reli, mbona simpo tu, hawalitoi kwa juu, wanalivuta kwa ubavuni. Mashine ya kwanza inang'oa misumari, inayofuata inainua reli kidogo sana halafu mkono wake unalikamata taruma kwenye ncha na kulichomoa pembeni, jipya linasukumwa humohumo, bamba la chuma linalokaa kati ya reli na taruma linarudishwa mahali pake, misumari inapigwa, basi. Tena kwa ya mbao hawatoi yote, wanapiga alama yaliyooza tu.

Ila kazi yenyewe iko kwenye kokoto bana. Ukishachokonoa hivyo taruma linabaki kama linaelea, ndo inakuja mashine ya kushindilia, inanyanyua njia mpaka levo inayotakiwa, inazamisha vidole vya chuma vinavyotetemeka kama mara 35 kwa sekunde na kuzibana kokoto chini ya taruma (ukisimama karibu hata meno yanatetemeka). Na bado treni za mwanzo zinapitishwa mdogo mdogo, maana kokoto zinakuwa hazijatulia.