Nimemvalisha hanesi, mbona ndo anavuta zaidi?

Wiki hii barua karibu zote ni za hanesi, ile mikanda anayovalishwa mbwa kifuani na mgongoni, sijui mmeambizana. Nimezikusanya hapa, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mnaulizia hilohilo ila kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari za kazi. Mi nina mbwa dume, ana mwaka na miezi kadhaa, nguvu kama trekta. Nilikuwa namtembeza na kola ya kawaida ya shingoni, akivuta anakoroma mpaka macho yanamtoka, watu wakaniambia achana na kola mvalishe hanesi ataacha mwenyewe. Nikanunua, ile yenye pete mgongoni, sasa ndo kama nimempa kibali, jana kidogo aning'oe bega. Nimepigwa au mi ndo sijui kuitumia?

JIBU: Pole na bega ndugu yangu. Hujapigwa, umeambiwa tu nusu ya habari. Umewahi kuona wale mbwa wanaoburuza sleji, kile kigari kisicho na magurudumu, kwenye theluji, wanavalishwa nini? Hanesi, na kamba inashikia huko nyuma. Maana yake ni kwamba hanesi inautoa mzigo shingoni inaupeleka kifuani, na kifuani ndo kwenye nguvu za mbwa, anaweza kuegemea na kusukuma mwili mzima bila kuumia. Kola ilikuwa inamkaba kidogo akivuta, sasa hakuna kinachomkaba, na kila akivuta anafika kule anakotaka, kwa hiyo kwa akili yake kuvuta kunalipa. Wewe ukirudi nyuma na yeye anazidi kwenda mbele, hapo mnashindana na utashindwa.

Ila tafadhali usirudi kwenye kola kwa hasira. Hayo macho kutoka siyo maneno ya kutania. Kuna utafiti ulitoka 2006, walipima presha ya ndani ya jicho mbwa akiwa anavuta, wakakuta kwa kola inapanda, kwa hanesi haikupanda kiasi cha kuhesabika. Mbwa mwenye glakoma, yaani presha ya macho, au jicho lenye kidonda huyo hata usimfikirie na kola ya kuvutia. Kola mwachie avae, lakini kazi yake ibaki kubeba kile kibati cha namba yako ya simu.

Sasa wewe tafuta hanesi yenye pete mbili, moja mgongoni moja mbele kifuani. Kamba ukiifunga ile ya kifuani, akijitupa mbele anajikuta anageukia upande wako, ile nguvu ya kunyooka inakatika. Siyo uchawi, wapo mbwa wanaozoea baada ya wiki chache wakaendelea kuvuta huku wanatembea upandeupande, ndo maana nasema hanesi inakununulia tu nafasi ya kufundisha, haifundishi yenyewe. Kufundisha kwenyewe ni kazi ya kuchosha: kamba ikikaza unasimama, husemi kitu, humvuti, umesimama kama mti, ikilegea hata kidogo mnaendelea, na kila akiwa pembeni ya goti lako kamba imelegea anapata kitu kidogo anachopenda kula, mpe palepale kwenye goti siyo mbele. Siku za mwanzo mtachukua dakika kumi kwenda hatua ishirini, majirani watakuangalia, waache waangalie. Kitu kimoja kinachoharibu yote ni kumruhusu avute leo kwa sababu una haraka halafu kesho unataka asivute, yeye atakumbuka ya leo.

Na kamba iwe ya kawaida, mita moja na nusu au mbili zinatosha. Zile zinazojikunja zenyewe kwenye kidude cha mkononi usizitumie na pete ya kifuani, kwanza zina mvuto muda wote, mbwa anajifunza kwamba ili upate kamba ndefu lazima uvute, yaani unafundisha kinyume. Zipo pia hanesi zinazojikaza kwapani au kifuani mbwa akivuta, mi binafsi sizipendi, zile zinafanya kazi kwa kumuumiza, tulishatoka huko kwenye kola.

SWALI: Dada habari, jike langu limechubuka kwapani pande zote mbili na hanesi ni mpya kabisa, saizi ni M kama ilivyoandikwa kwa uzito wake. Shida nini?

JIBU: Shida ni hiyo "kwa uzito wake". Mbwa wawili wa kilo 20 mmoja anaweza kuwa pipa mwingine ubao, na M ya kampuni hii siyo M ya ile. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua pale nyuma kidogo ya miguu ya mbele ambapo mbavu zimepanuka, pima na chini ya shingo pale inapokutana na mabega, halafu ndo uangalie jedwali la saizi. Huna futi, zungusha uzi halafu upime uzi.

Akishavaa, mkanda wa nyuma ya miguu usikae ndani ya kwapa, uache nafasi ya vidole viwili au vitatu, ukikaa karibu zaidi lazima usugue kila hatua. Vidole viwili vilivyolala vipite chini ya kila mkanda, visipite kwa kulazimisha wala visiogelee. Watu wengi wanadhani kulegeza ndo huruma, kumbe hanesi iliyolegea inacheza, na kinachocheza ndo kinachochubua. Mbele, ile mikanda ikutane kwenye mfupa wa kifua kama herufi Y, siyo juu kwenye koo.

Mtaambiwa umbo la Y linaacha mabega huru na ile yenye mkanda uliokatiza kifuani inabana, nami nilikuwa naimba hivyohivyo. Halafu 2019 watu wakapima mbwa tisa kwenye mashine ya kukimbilia, wakakuta aina zote mbili zinapunguza kunyooka kwa bega, na ile inayosifiwa haibani ndo ilipunguza zaidi. Mbwa tisa ni wachache sitaki muitupe Y, mi bado naipendelea, ila nataka mumwangalie mbwa wenu anavyotembea kuliko kuamini maandishi ya kwenye boksi. Hatua zikiwa fupi kuliko kawaida yake hiyo hanesi haimfai, basi.

Kwa sasa mpumzishe mpaka ngozi ipone, ioshe hiyo hanesi itoke mchanga na uchafu wa matembezi, ikauke vizuri. Ukiona pale panatoa majimaji au panatoa harufu mpeleke kwa daktari wa mifugo.

SWALI: Kambwa kangu ni kadogo, Yorkshire terrier, kakivutwa na kola kanakohoa kama bata bukini. Hanesi itaponya? Na nikikavalisha kanaganda kama sanamu, hakatembei.

JIBU: Haitaponya mama, ila itaacha kuongeza. Kikohozi cha namna hiyo kwa mbwa wadogo mara nyingi ni bomba la hewa limelegea, kamwone daktari, hilo siyo la kungoja gazeti lijibu. Kuganda ni kwamba hakajazoea. Anza na hanesi sakafuni, kainuse kapate kitu kitamu, kesho kaweke kichwa chenyewe ndani, keshokutwa funga bizimu moja ufungue, ikiwezekana siku nne tano hivi kabla ya kutoka nje. Kama kanaogopa kuvalishwa kichwani zipo za kukanyagia ndani kwa miguu halafu unafunga mgongoni.

SWALI: Wangu anarudi kinyumenyume anachomoka kama nyoka anavua gamba!

JIBU: Hasa wembamba wenye kifua kirefu na kiuno chembamba, Greyhound na wenzake. Hao wanataka hanesi yenye mkanda wa tatu unaokaa nyuma ya mbavu, pale kiuno kinapoanza, kichwa kikipita kifua hakipiti. Akianza kurudi nyuma wewe usivute, ukivuta unamsaidia kuivua, msogelee kamba ilegee. Mjaribu ndani mlango umefungwa kabla hamjatoka.

SWALI: Alale nayo?

JIBU: Hapana. Mvue mkirudi, manyoya yanajisokota na ngozi inapata joto. Mtoto anayekua mpime upya kila wiki, wanatanuka usiku mmoja hao.

SWALI: Na kwenye gari naweza kumfungia hiyohiyo ya kutembelea?

JIBU: Usiitegemee kwa ajali. Ya gari inatengenezwa na kujaribiwa kivyake, hizi bizimu za plastiki za kutembelea hazikukusudiwa kubeba uzito wa breki ya ghafla.