Kabla hujasambaza, tafuta kifungu

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, Ngamiani. Habari ya kubadilisha sheria ikitoka, watu huniletea hasira kwanza, maswali baadaye. Ushauri wangu: habari ikikupandisha damu, tulia, tafuta kifungu chenyewe.

Chukua umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamtaka mwanamume awe na miaka 18, lakini msichana 15 tu. Cha 17 kinataka ridhaa ya mzazi kwa binti aliye chini ya 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Barazani kwetu, penye kahawa, hukumu ile ilifika kwa sura mbili. Simu moja ilikuwa na picha ya binti mwenye sare za shule, kainamisha kichwa. Nyingine ilikuwa na kichwa cha habari kuhusu wazazi kunyang'anywa mamlaka. Wa picha alitaka wazazi wafungwe. Wa pili akasema dini inapigwa vita. Kifungu hakuna aliyekitaja.

Nikaomba ruhusa kwa wazee, nikasoma polepole. Nilipofika pa mvulana, mzee mmoja akanikatiza: "Kumbe wa kiume sheria ilishamsubirisha mpaka 18?" Mazungumzo yakageuka hapo hapo. Wakaanza kuulizana kuhusu shule, kuhusu binti aliyepata mimba akiwa nyumbani kwao. Wengine walibaki wakipinga, na ni haki yao, ila sasa walipinga kilichoandikwa.

Huruma siikatai. Nimekaa na mabinti kama yule wa pichani na wananiuma mpaka leo. Lakini picha haikuambii sheria inambana nani, wala kuanzia lini.

Angalia pia jambo limefika hatua gani. Magazeti yakisomwa redioni asubuhi, wengi tunaondoka na kichwa cha habari tu. Muswada ukiwa bado bungeni unaweza kubadilishwa, na kamati hualika wananchi watoe maoni. Unakuwa sheria Rais akishausaini. Anayedhani mambo yamekwisha hukaa kimya wakati ule ule anaotakiwa kusema. Hilo linanisikitisha kuliko hasira za barazani.

Miswada huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Mwombe kijana wa nyumbani akufungulie, akusomee kifungu kizima, na mkikwama njooni kwetu wasaidizi wa kisheria.