Usiiache ngozi porini: chumvi, kivuli na kujua mapema unaitakia nini

Habari zenu ndugu zangu. Nimekaa na wawindaji miaka mingi huku Tabora upande wa Sikonge na Ugalla, kazi yangu kuchuna, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kuona mtu kalipia leseni, kalipia gari, kalala porini mbung'o wanamla, kampata pofu dume safi, afu nyama anapakia ngozi anawaachia fisi. Ukimuuliza anakwambia itaoza tu hiyo. Inaoza ndio, ila inaoza kwa sababu hakuna aliyeifikiria mpaka mnyama kashalala chini, na hapo chumvi hakuna, turubai hakuna, na anayeshika kisu anawaza nyama tu.

Kwaiyo ushauri wangu unaanzia nyumbani kabla hamjawasha gari: amueni ngozi mnaitakia nini. Ya kutandika chini mnyama anapasuliwa tumboni kwa mstari mmoja kutoka kidevuni mpaka mkiani, na miguu inapasuliwa kwa ndani. Kichwa cha kuweka ukutani ni kazi nyingine kabisa, pale kisu kinazunguka nyuma ya mabega, afu kinapanda juu kufuata mgongo mpaka kisogoni, huku chini kooni hapaguswi. Sasa huku kwetu Waislamu tuko wengi na nyama lazima ichinjwe, kisu kinapita palepale kooni, na nimeona ugomvi kambini kwa ajili hiyo, mgeni anayetaka kichwa kanuna, watu wamesusa nyama. Muongee mapema. Fundi mzuri anashona mkato wa koo na manyoya yanaufunika, mradi uwe mkato mmoja ulionyooka, sio kuchanachana.

Kuna ngozi moja tu ambayo nakuomba usiiguse, ya mnyama uliyemkuta kafa mwenyewe, hasa ukiona damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kimeta. Vijidudu vyake vinakaa kwenye ngozi na udongo miaka na miaka, kukausha hakuviui na chumvi haiviui, na wapo watengeneza ngoma waliougua kwa kushika ngozi kavu tu. Usimchune wala usimpasue, katoe taarifa kwa daktari wa mifugo au askari wa wanyamapori.

Haya, mnyama wako wa halali kaanguka. Msimburute kwenye changarawe, manyoya yanakwanguka upande mzima. Msogezeni kivulini mchune hapohapo maana mwili ungali wa moto na bakteria wameshaanza kazi, tumboni na kwenye kinena ndo panatangulia, ukichelewa unaona ngozi ya tumbo inageuka kijani na ukivuta manyoya kidogo yanabaki vidoleni. Yakishaanza kutoka ivo hakuna dawa ya kuyarudisha. Kisu kitumike kwenye mipasuo na sehemu ngumu tu, miguuni, shingoni, kichwani, kwingine kote tumia ngumi, unaisukuma ngozi itengane na nyama huku mwenzako anavuta. Matundu mengi ninayoyaona kwenye ngozi yanatokana na mtu mwenye haraka na kisu chenye ncha.

Ikishatoka itandaze kivulini upande wa nyama uangalie juu, iache ipoe kwanza. Usiikunje ya moto, na usije ukaifunga kwenye mfuko wa nailoni, humo inajipika. Ikipoa kwangua vipande vyote vya nyama na mafuta, maana chumvi haipenyi mafuta.

Chumvi sasa. Hapa ndo watu wanabana matumizi na hapa ndo ngozi zinapofia. Hesabu ninayoitumia ni nusu ya uzito wa ngozi mbichi, ngozi ya kilo 10 ipate kama kilo 5, na ngozi ya nyati ni nzito sana kwaiyo mwenye kumfuata nyati aende na viroba, sio pakiti za dukani. Sisi wa reli ya kati tuna bahati, chumvi ya Uvinza iko jirani, inatokana na maji ya chemchemi za chumvi pale karibu na mto Malagarasi, na watu walikuwa wanaibadilishana na bidhaa nyingine huku Unyamwezini tangu enzi za misafara. Nunua iliyosagwa laini, ya mabonge inaacha sehemu hazijaguswa. Imwage halafu uisugue kwa kiganja, nenda mpaka kwenye kingo, fungua kila mkunjo, maana mkunjo mmoja ulioruka unaoza peke yake. Kama ni kichwa cha ukutani masikio yageuzwe ndani yawe nje kama soksi na midomo ipasuliwe kwa ndani, chumvi ifike huko kote. Ilaze mahali penye mteremko kidogo maji yachuruzike. Kesho yake kung'uta ile chumvi chafu iliyolowa, tupa, weka mpya. Baada ya hapo iache ikauke kivulini taratibu, na kabla haijakakamaa kabisa ikunje kwa saizi ya kubebeka.

Chumvi ikikosekana, wamba. Tengeneza fremu ya miti, toboa matundu kwenye kingo, ivute kwa kamba pande zote, simamisha kivulini upepo upite mbele na nyuma. Ya kuanika chini kwenye jua kali siipendi kabisa, juu inakauka inakuwa ngumu wakati kati bado mbichi inaoza, unakuja kujua siku inalowekwa inapoachana vipande.

Matumizi yanategemea mnyama. Pundamilia na swala pala wanapendeza wakibaki na manyoya, zulia, kifuniko cha kiti, pambo la ukutani. Nyati na pofu ngozi nene, hiyo ni mikanda, soli za ndara, kamba za kufungia, na ngozi ya kukalia ya vile viti vya kukunja, ukikipata kimoja unarithisha watoto. Ngozi nyembamba ya swala ikilainishwa unapata mkoba mzuri sana. Na ngoma haihitaji ngozi iliyosindikwa, inalowekwa kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yaachie, inakwanguliwa, inaoshwa, inawambwa ikiwa imelowa. Ila kama ilipigwa chumvi iloweke na kubadilisha maji mara nyingi mpaka chumvi iishe, maana chumvi inavuta unyevu na mvua za Novemba zikianza ngoma yako italegea haitoi sauti.

Kulainisha, zile ndogo zenye manyoya wapo wanaotumia shabu na chumvi, inatoka nyeupe na laini, ila isilowe maji tena, shabu inatoka na ngozi inarudi kukakamaa. Ya magome ya miti inadumu zaidi, inataka subira tu, magome ya miwati ndo yanayojulikana sana kwa hiyo kazi. Vijana wanaotaka kuifanya iwe ajira waangalie kampasi ya DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale Mwanza, wanafundisha teknolojia ya ngozi na viatu, na kutoka Tabora treni inafika.

Makaratasi msiyachukulie poa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ngozi ni nyara kama ilivyo pembe. Leseni ya kuwinda haikupi ruhusa ya kuuza, biashara ya nyara ina leseni yake, na kukaa nayo nyumbani kunataka hati ya umiliki. Ukimpa shemeji yako zawadi bila karatasi umempa kesi. Fundi naye kabla ya kupokea ngozi yoyote adai kopi ya leseni, na mzigo ukisafiri karatasi zisafiri nao kwenye gari hilohilo, sio "zinakuja kesho". Ukikwama waulize TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ofisi ya maliasili ya halmashauri yako kabla ya kuingia porini.

Nyumbani usiiweke ngozi kavu sakafuni. Iweke juu ya chanja, ifunue mara kwa mara uangalie unga unga na vitundu vidogo, wapo wadudu wanaokula ngozi kavu mpaka inabaki kama chekecheo, na ukiwaona kwenye moja zitoe zote nje uzipige brashi hiyo hiyo siku.