Hyde hakuanza upande wa mfalme
Hapana mkuu, Edward Hyde, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 17, hakuwa mtu wa mfalme tangu mwanzo kama ulivyosema. Alikuwa wakili London, akaingia bungeni 1640 na aliwabana kweli majaji waliohalalisha kodi ya meli ya mfalme Charles I (aliyotoza bila idhini ya bunge), sema bunge lilipozidi kujichukulia madaraka akaona na hawa sasa wanavunja sheria, akahamia kwa mfalme. Mfalme aliposhindwa vita na bunge, Hyde akala uhamisho na mwanae Charles II mpaka 1660 waliporudi, Charles akiwa mfalme na yeye ndo Chansela Mkuu, yaani waziri wake mkubwa. Binti yake Anne akaolewa na James mdogo wake mfalme, tena mimba ishaingia, mzee alichukia balaa! 1667 akabebeshwa lawama za vita na Waholanzi ambayo hata hakuitaka, akakimbilia Ufaransa, akafia Rouen 1674. Wajukuu zake wawili kwa binti huyo, Mary na Anne (jina la mama yake), baadae wakawa malkia.